Miti ya diorama ya kijeshi: waya, mizizi, sifomu au plastiki?

Katika diorama, yaani mandhari ndogo ya modeli, kifaru cha kivita cha skeli ya 1/35 (kidogo mara 35 kuliko cha kweli) kinaweza kupakwa rangi kwa wiki tatu, kikachakazwa kwa kutu na tope mpaka ukahisi harufu ya dizeli, halafu kikaharibiwa na mti mmoja mbaya uliosimama pembeni yake. Jicho linaijua miti. Mtu ambaye hajawahi kuona kifaru cha Sherman maishani mwake ameona miti tangu utotoni. Akikutana na shina lililonyooka kama mpini wa ufagio, limebeba donge la sponji ya kijani, anajua papo hapo kwamba hapa pana uongo, hata kama hawezi kukuonyesha ulipo.

Nimetengeneza miti kwa njia zote ninazozilinganisha hapa, na msimamo wangu nauweka mezani mapema: chagua kiunzi kwanza, majani baadaye. Watu wengi huanza kuulizana kuhusu majani, yanunuliwe au yatengenezwe, ya karatasi au ya sponji. Lakini shina na matawi yakikosewa, hakuna jani litakaloyaokoa. Yakipatikana sawasawa, mti unapendeza hata ukiwa mtupu.

Chukua rula kwanza

Katika skeli ya 1/35, mita moja ni sentimita 2.86. Askari wa sm 175 anakuwa na sm 5. Sherman, yenye kimo cha m 2.74, inakuwa sm 7.8. Sasa pima mti: mti wa m 15, ambao si mrefu hata kidogo msituni, unapaswa kuwa na sm 43. Mwaloni wa m 20 unafika sm 57. Kwenye 1/48 ule wa m 15 ni sm 31, na kwenye 1/72 ni sm 21.

Ndiyo maana miti mingi ya diorama ni mifupi mno, na kufupisha si dhambi. Mimi mwenyewe kwenye 1/35 mara nyingi huishia sm 30 au 35, maana yake mti wa mita kumi hadi kumi na mbili. Kosa ni kufupisha kimo huku ukiacha unene wa mti mzee. Shina la mti wenye kipenyo cha sm 40 ni mm 11 tu kwenye 1/35, na ni mm 5.5 kwenye 1/72. Ukipunguza urefu, punguza na unene, upate mti mdogo wa kweli badala ya mti mkubwa uliodumaa.

Upande wa ncha ndiko hesabu inakoumiza zaidi. Waya wa mm 0.5 unaonekana mwembamba sana ukiwa mkononi. Kwenye 1/35 huo ni mti wa kidole gumba, karibu sm 1.8. Kitawi cha mwisho kinachobeba majani hakina unene huo. Hesabu hii iweke kichwani, maana ndiyo itakayoamua mashindano mengi huko mbele.

Mti wa waya

Unachukua nyaya nyembamba nyingi zenye urefu mmoja, unazishika fungu moja, unasokota sehemu ya chini iwe shina, kisha unaanza kugawa. Nyaya kumi na tano zinakwenda kulia ziwe tawi kubwa, kumi zinakwenda nyuma, zilizobaki zinaendelea kupanda. Kila tawi nalo unaligawa vivyo hivyo, nane kwa saba, nne kwa nne, mpaka unabaki na nyaya mbili, halafu mmoja. Kila ncha ya waya ni kitawi.

Njia hii ina siri moja nzuri. Leonardo da Vinci aliandika katika madaftari yake kwamba matawi yote ya mti, kwenye kimo chochote, yakikusanywa pamoja unene wake unalingana na wa shina. Fungu la waya linaitii kanuni hiyo lenyewe, kwa sababu hakuna waya unaopotea njiani: zilizoingia kwenye shina ndizo zinazotokea kwenye ncha. Kwa hiyo hata mti wa kwanza kabisa wa mtu anayeanza huwa na ule unene unaopungua taratibu kuelekea juu, kitu ambacho ni kigumu sana kukiigiza kwa kuchonga.

Udhaifu wake unaanzia kwenye hesabu. Nyaya 90 za mm 0.5 zikisokotwa zinatoa shina la mm 5 hivi. Kwa 1/72 umefika. Kwa 1/35 uko nusu ya safari, na huwezi kumaliza nusu ya pili kwa kuongeza nyaya, kwa kuwa utahitaji mara nne yake na hakuna kiganja kitakachozisokota. Dawa ni kupachika kijiti cha mbao katikati ya fungu kabla ya kusokota, au kulizungushia shina tepu ya karatasi na kulinenepesha kwa gome.

Waya upi? Ule wa shaba unaotoka ndani ya waya laini wa umeme haushiki kutu na unapinda bila kinyongo. Uzi wake mmoja ukiwa na mm 0.2 unakuwa kitawi cha mm 7 kwenye 1/35, na hapo ndipo ukweli ulipo. Tatizo ni ulegevu: tawi refu la shaba tupu huanza kuinama ukishaliwekea majani. Waya wa chuma, ule laini wa kufungia, unashika umbo lakini ukikutana na gundi ya maji hutoa kutu, na madoa ya kahawia yanaweza kujitokeza juu ya theluji yako baada ya wiki kadhaa. Ninachofanya sasa ni kuchanganya: chuma kilichopakwa rangi ya kuzuia kutu kwenye kiini cha shina na matawi makuu, shaba nyembamba kwa yaliyobaki.

Alama inayomuumbua mtu aliyetumia waya ni mikunjo ya kamba. Ukisokota kwa nguvu, mifereji inazunguka shina kama skrubu, na hata ukipaka gome inarudi kuonekana pale mwanga unapopiga kwa ubavu. Sokota kidogo tu, kiasi cha fungu kushikamana. Mzunguko mmoja kwa kila sentimita mbili unatosha. Kisha jaza mifereji kwa tepu iliyochanwa vipande vipande, wala usiizungushe kwa mpangilio.

Gome langu ni gundi nyeupe ya mbao, unga laini wa mbao uliochekechwa, jasi kidogo, na rangi ya kijivu iliyochanganywa humohumo ili mchubuko wowote wa baadaye usifichue weupe. Uzito wake uwe wa kutodondoka kutoka kwenye brashi. Shina linapata matabaka mawili au matatu, matawi tabaka moja jepesi, ncha hazipati kitu zaidi ya rangi. Tabaka la mwisho likiwa limekauka nusu, ukilibonyeza linaacha alama lakini halinati kidoleni, chukua sindano ukwaruze kutoka chini kwenda juu kwa mistari isiyolingana. Dakika hizo kumi ndizo zinazotengeneza gome, usizikose. Wapo wanaotumia mpira wa majimaji, yaani lateksi, badala ya jasi, na wana hoja: lateksi ikikauka bado inapinda, unaweza kurekebisha tawi baadaye. Jasi ukiipinda inapasuka. Kwa mti mwembamba wa matawi mengi ningechukua lateksi, kwa shina nene lenye magome ya mifereji ningebaki na jasi.

Na rangi si kahawia. Naomba hili lisisitizwe. Simama mbele ya miti kumi ukaitazame vizuri: mingi ni ya kijivu, kijivu chenye ukijani upande wenye unyevu, kijivu chenye weusi chini ya matawi. Kahawia ya chokoleti ni rangi ya mti wa kwenye kitabu cha watoto.

Mti wa waya wa sm 40 unanichukua jioni tatu, bila majani.

Mzizi uliookotwa

Upande wa pili wa mizani kuna mzizi au kijiti kutoka porini, ambacho asili imeshakifanyia kazi. Gome lipo na uzee upo. Mpindo upo pia, ambao mkono wa binadamu husita kuutengeneza kwa sababu unaonekana umezidi.

Nasema mzizi kwanza, tawi baadaye, na kwa sababu. Tawi la mti mkubwa linabaki kuwa tawi la mti mkubwa: vifundo vyake viko mbali, haliwi jembamba haraka, na ukilisimamisha peke yake linaonekana ni tawi lililochomekwa ardhini. Mzizi wa kichaka kidogo unagawanyika mara nyingi ndani ya nafasi fupi na unapungua unene kwa kasi ya mti mzima. Vichaka vya mahali pakavu penye upepo vinafaa pia, kwa sababu vimekua polepole na vifundo vyake vimesongamana. Chukua vilivyokwisha kufa, au mizizi iliyoachwa wazi na maji kwenye kingo za mito, usiharibu kilicho hai.

Ukilinganisha na waya ana kwa ana, mzizi unashinda kwenye shina na unashindwa kwenye ncha. Ncha zake nyembamba hukatika wakati wa kuosha, unabaki na kiunzi chenye nguvu kisicho na vidole. Pia huamui umbo: unalipokea. Ukihitaji mti unaoegemea kushoto ili ufunike kona ya nyumba iliyobomoka, waya utakupa leo, mzizi utakupa siku utakapouona. Kwa mzeituni wa kale au mwaloni uliopigwa na upepo miaka mia, sijaona waya unaofikia mzizi mzuri. Kwa mti mchanga ulionyooka, usihangaike nao.

Kuna hatari moja ambayo niliijua kwa machungu. Nilikuwa na diorama ya majira ya baridi chini ya kifuniko cha kioo, imekaa miezi bila kuguswa. Siku moja nikaona kijilima kidogo cha unga wa rangi ya mchanga juu ya theluji, mahali pamoja, chini kabisa ya shina. Nikadhani gome limechubuka, nikapuliza, nikafunika. Wiki iliyofuata kijilima kimerudi, mahali palepale. Nilipoleta kioo cha kukuzia nikaona tundu la duara safi, dogo kama ncha ya sindano, na pembeni yake jingine. Mdudu alikuwa anaishi ndani ya mti wangu tangu siku niliyouokota. Kuutoa kulimaanisha kung'oa na ardhi yote iliyouzunguka, pamoja na alama za minyororo ya kifaru nilizozifanyia kazi siku mbili.

Tangu hapo hakuna kitu cha porini kinachoingia kwenye diorama bila kupitia hatua zote: kuoshwa kwa brashi, kukaushwa wiki kadhaa, kisha kufungwa ndani ya mfuko na kukaa kwenye friza wiki mbili, au kupashwa kwenye oveni kwa nyuzi 100 kwa saa moja nikiwa nimesimama palepale. Mwisho napitisha gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji mpaka iingie kwenye kila ufa. Ukijumlisha muda huo, dhana kwamba mzizi ni njia ya haraka inapotea. Kazi ni kidogo ila kusubiri ni kwingi.

Sifomu

Sifomu ni mmea mdogo, Teloxys aristata, unaokaushwa na kuuzwa hasa kwa watu wa reli ndogo za modeli. Ukiushika mkononi utaelewa kwa nini: ni taji la mti tayari, vitawi juu ya vitawi, vyembamba kuliko waya wowote unaoweza kusokota kwa vidole. Hapa ndipo ile hesabu ya ncha inapoipa ushindi wa wazi.

Kasoro zake tatu zinatibika kwa kiasi. Mashina huja yamepinda: yachovye kwenye gundi iliyozimuliwa, yaning'inize kichwa chini huku ncha ya juu imebanwa kibanio cha nguo ili uzito wake uyanyooshe yanapokauka. Kuna vijani vikavu vimeng'ang'ania kwenye vitawi, na hivyo lazima uvitoe kimoja kimoja kwa kibanio kidogo, la sivyo vitaonekana kama majani ya ukubwa wa sinia. Na mmea ni mkavu, unavunjika ukiutazama vibaya. Ukiuloweka kwenye glisarini sehemu moja kwa maji sehemu mbili, unalainika na kubaki hivyo.

Kasoro ya nne haina dawa: hauna shina. Kipande kizuri kinafika sm 15 hadi 20, na kishina chake ni unene wa njiti ya kiberiti. Kwenye 1/72 huo ni mti kamili wa mita kumi na moja hadi kumi na nne, unaohitaji gome kidogo chini na basi. Ukitaka miti ishirini ya 1/72 kwa mwisho wa wiki mmoja, usisome zaidi, umefika. Kwenye 1/35 kipande hichohicho ni mche.

Lakini sifomu na waya si lazima wawe wapinzani. Mti ninaoupenda kuliko yote niliyotengeneza ni wa nasaba tatu: shina ni mzizi, matawi makuu ni nyaya zilizochomekwa kwenye matundu niliyotoboa kwa drili ndogo, na kila ncha ya waya imeunganishwa na kipande cha sifomu kwa gundi ya papo hapo. Kiungo kinafichwa na gome la gundi na unga wa mbao. Mtu akiukaribia anauliza huo mti ni wa mmea gani. Kwa 1/35, mti mmoja wa mbele ambao macho yote yataufikia, sioni njia bora kuliko hii.

Plastiki

Viunzi vya plastiki vinakuja bapa, vimetolewa kwenye kalibu, nawe unapinda matawi kwenda pande zote. Unaweza kuvilowesha kwenye maji ya moto ili vishike umbo jipya. Rangi inabanduka kirahisi kwa sababu plastiki hiyo ni ya kuteleza, na matawi yana unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Vinafaa safu ya nyuma kabisa ya msitu, vikiwa vimefunikwa majani tele. Mbele, hapana.

Misonobari na minazi wana sheria zao

Miti ya majani mapana haikufundishi chochote kuhusu msonobari. Njia maarufu ni ile ya brashi ya chupa: unapanga nyuzi za katani kati ya nyaya mbili zilizopakwa gundi, unafunga ncha kwenye drili, unazungusha, nyuzi zinasimama pande zote, unakata kwa mkasi umbo la pia (koni). Ni ya haraka, na miti kumi kwa jioni moja inawezekana. Ila unapata kitu laini kilichosawazika, wakati msonobari wa kweli una matawi ya ghorofa ghorofa, yenye mapengo unayoona shina kupitia kwake. Ukinyofoa mafungu ya nyuzi hapa na pale na kuinamisha yaliyobaki, unakaribia.

Njia ya pili ni kijiti cha mbao laini kilichochongwa kuwa chembamba kuelekea juu, kikakwaruzwa kwa meno ya msumeno kutoka juu hadi chini ili kupata gome, kikatobolewa matundu madogo kwa kuzunguka, na kila tundu likachomekwa kitawi cha mmea mkavu wa jamii ya jimbi. Mti mmoja unakula siku. Kwenye 1/35 tofauti yake na brashi ya chupa ni kama mchana na usiku, kwa sababu sehemu ya chini ya msonobari wa msituni ni shina tupu na vijiti vikavu vilivyokatika, na hiyo ndiyo sehemu iliyo kwenye usawa wa askari wako. Kwenye 1/72 chukua brashi ya chupa bila majuto.

Kwa mnazi, shina ni waya mnene uliopinda kidogo, ukazungushiwa ukanda mwembamba wa tepu ya karatasi kutoka chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia wa chini yake. Hapo pete za makovu ya makuti zinajitokeza zenyewe. Makuti ni karatasi iliyokunjwa katikati, uti wake ukiwa waya mwembamba, kingo zikakatwa kwa mkasi kwa mshazari. Yapo makuti yaliyokatwa kwa leza, safi sana, lakini huwa yamenyooka mno, na karatasi yako mwenyewe unaweza kuikunja, kuipasua na kuiacha ining'inie. Angalia urefu tu: kuti la mnazi lina mita nne hadi sita, kwa hiyo kwenye 1/35 ni sm 11 hadi 17. Makuti mafupi ndiyo yanayoufanya mnazi wa diorama ufanane na mwavuli. Weka na makuti mawili matatu makavu ya rangi ya udongo yakilalia shina.

Majani

Jani la sm 7 ni mm 2 kwenye 1/35 na mm 1 kwenye 1/72. Kwenye 1/72 hakuna atakayeona umbo la jani, anaona rangi na kivuli tu. Sponji iliyosagwa na kuchekechwa inatosha, na kulipia majani yaliyokatwa kwa leza ni kupoteza. Kwenye 1/35 umbo linaonekana, na sponji inaonekana ni sponji.

Kwa hiyo kwa skeli kubwa ushindani ni kati ya vitu vitatu. Majani ya karatasi yaliyokatwa kwa leza yana umbo sahihi la mti unaoutaka, lakini yamelala bapa na yana rangi moja, inabidi uyapake tena. Vigamba vya mbegu za Betula, ule mti wa gome jeupe, vina pembe tatu kama jani dogo na ukubwa wa kama mm 3, yaani jani la sm 10 hivi. Vimejikunja kiasili, hakuna viwili vinavyolingana, na vinapokea rangi vizuri. Chekecha kwanza mbegu zenyewe zitoke. Majani ya kweli yaliyokaushwa, yakasagwa na kuchekechwa, ni bora kupita yote kwa takataka za chini ya mti, ila juu ya mti ni vipande visivyo na umbo, na kijani chake hufifia kuwa kahawia usipokipaka rangi. Mimi huweka vigamba juu, majani yaliyosagwa chini, na ya leza nayaweka akiba kwa tawi lililovunjika lililolala mbele kabisa, mahali ambapo mtu anainama kuangalia.

Kabla ya jani lolote, puliza gundi kwenye ncha za matawi na nyunyiza nyuzi fupi za kahawia nyeusi, zile za kutengenezea nyasi kwa umeme tuli, za mm 2. Zinakuwa vitawi vya mwisho, na majani yanashika kwenye vitawi hivyo badala ya kuganda kwenye waya. Dawa ya nywele ya kupuliza inatosha kwa majani mepesi. Gundi ya kupuliza inashika zaidi lakini huacha utando kama wa buibui ukiwa karibu mno. Nyunyizia mti ukiwa umegeuzwa juu chini, kisha ugeuze tena: majani yaliyotua upande wa chini yanainuka na kulala yanavyopaswa. Na usijaze. Ndani ya taji la mti mkubwa mna kivuli, majani ni machache. Yapange pembeni, kwa mafungu, matawi yaonekane katikati.

Mti uliopigwa

Diorama ya vita inakuja na jambo ambalo watu wa reli hawalihitaji, nalo linabadilisha matokeo ya ulinganisho wote. Katika msitu wa Hürtgen, Ujerumani, kuanzia Septemba 1944 hadi Februari 1945, makombora yalilipuka vileleni mwa miti na kumwaga chuma na vipande vya mbao juu ya askari, kiasi kwamba kukumbatia shina kulikuwa salama kuliko kulala kifudifudi. Kwa hiyo mti wa Hürtgen umevunjika juu, chini unaweza kuwa mzima. Delville Wood, msitu wa Ufaransa uliopiganiwa mwaka 1916, ni kinyume: msitu mzima ulibaki visiki, na mti mmoja tu ulionusurika bado upo hai.

Waya hapa unashindwa vibaya, ukiukata unaonyesha chuma. Mzizi nao hukatika butu, tena nyuzi zake ni nene mno kwa skeli. Mshindi ni mbao laini sana, balsa: ikate nusu, ilowanishe, ivunje polepole, kisha vuta nyuzi moja moja kwa kibanio mpaka upate vibanzi virefu vyenye ncha. Kama shina lako ni la waya, toboa juu yake, pachika kipande hicho cha balsa, unganisha kwa gome. Ndani ya jeraha jipya mbao ni ya rangi ya malai, jeraha la zamani ni kijivu. Wengi hupaka nyeusi yote. Nyeusi ni ya moto, na mti uliopasuliwa na kombora mara nyingi haukuungua.

Kwa tukio ulilonalo

Ukifanya Normandie, Ufaransa, Juni 1944, miti iko kwenye majani tele juu ya matuta ya udongo yenye vichaka, kwa hiyo sifomu kwa vichaka na mti mmoja wa mchanganyiko kwa mbele. Ukifanya Ardennes, Ubelgiji, Desemba 1944, wekeza kwenye misonobari ya kijiti na mti mmoja wa waya usio na majani, wenye ncha za shaba nyembamba kabisa kwa kuwa hakuna kitakachozificha. Ukiweka mwaloni mchanga, acha majani machache ya kahawia yamening'inia, kwani mialoni michanga hushika majani makavu majira yote ya baridi. Tarawa, visiwa vya bahari ya Pasifiki, Novemba 1943, ni minazi iliyokatwa vichwa na magogo yake yaliyopangwa kuwa mahandaki, na hapo shina la tepu linakutosha mara mbili.

Kwa kiunzi chochote, usichomeke mti kama nguzo. Mti wa waya uache na nyaya za chini zimetawanyika ziwe mizizi juu ya ardhi kabla ya kuzama. Mzizi uliookotwa ugeuzie upande wenye mguu mpana. Chini ya mti nyasi ni haba na udongo ni mweusi kidogo. Mimi hutia bomba fupi la shaba ndani ya msingi na pini inayolingana nalo chini ya shina, bila gundi. Mti unachomoka, unasafiri ndani ya boksi lake, na nikifika nautia mahali pake na kumwaga kijiko cha majani makavu kuzunguka kiungo.